Kikumbo cha Siku Moja

Emil Hrebenak alikuwa na kabati la mbao lililofunika ukuta mzima wa ofisi ya yadi, lenye vishubaka mia moja arobaini na vinne, na katika dunia hii hapakuwa na kitu alichokijua vizuri zaidi ya hicho, hata mke wake. Kila behewa lililoingia yadi ya Harwick pale Stover's Bend lilikuja na hati yake, karatasi inayosema limebeba nini, limetoka wapi, linakwenda kwa nani. Emil alikuwa akiipokea hati, anaisoma mara moja, kisha anaisukuma kwenye kishubaka chake. Treni ikipangwa, anazitoa zote bila kupapasa. Siku moja Gus Danziger, karani mwenzake mwenye mdomo mrefu, alimfunga macho kwa skafu na kumwambia atafute behewa la sabuni la kwenda Baltimore. Danziger alikuwa hajamaliza kucheka Emil akampa karatasi mkononi. Siku ile Danziger alinunua keki ya tufaha waliyowekeana dau, akaila kwa uchungu, ingawa alikula vipande vitatu.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na yadi nyingine, ya kampuni ya Lakeland. Kampuni hizi mbili za reli zilikuwa zikitoka bahari ileile, zikienda kwenye maziwa yaleyale, na zilichukiana kwa miaka tisini. Treni ya Harwick ikiondoka saa nne, ya Lakeland iliondoka saa nne kasoro dakika tano, hata kama haina abiria. Msichana wa nyumba ya Harwick akiolewa na mtu wa Lakeland, wajomba walikuja harusini lakini walikaa karibu na mlango. Wengi walikuwa wamezeeka pande zote mbili za mto bila kuvuka daraja ila kwa daktari wa meno.

Basi mwaka 1968, mwezi wa pili, wakubwa wa kampuni zote mbili walipigwa picha Philadelphia wakishikana mikono. Kampuni zimeungana. Sasa ni moja, kubwa kuliko zote mashariki mwa nchi. Danziger alilibandika gazeti ukutani, akasimama mbali kidogo kama mtu anayetazama picha ya kuchora.

"Vipofu wawili," alisema, "wameshikana mikono ili wavuke barabara."

Emil alicheka kidogo, akarudi kwenye vishubaka vyake. Hakujua bado kwamba kikumbo kinamjia.

Kikumbo ni desturi ya watu wa reli wa kule, na chama cha wafanyakazi kiliipigania kwa damu. Kila mtu ana tarehe yake, siku ile aliyoanza kazi, na tarehe hiyo ndiyo ukongwe wake, ndiyo namba yake. Kazi yako ikifutwa, unatafuta mtu yeyote aliyeanza baada yako, unamwandikia barua, unachukua kiti chake. Naye anamtafuta mdogo wake kwa tarehe, hivyo hivyo mpaka wa mwisho anatoka nje. Hakuna anayekasirika, au angalau hakuna anayetakiwa kukasirika. Usipoitumia namba yako wenzako watakuona mjinga.

Kampuni zilipoungana, orodha mbili za ukongwe zilichanganywa kama karata. Ofisi ya Lakeland ng'ambo ikafungwa. Na ilipobandikwa orodha mpya, Emil aliona jina moja geni mara tu juu ya jina lake. Tierney, Cornelius. Ameanza tarehe 2 Desemba 1946. Chini yake, Hrebenak, Emil. Tarehe 3 Desemba 1946.

Siku moja! Na siku hiyo Emil aliikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yake. Alikuwa ameambiwa aripoti Jumatatu ile ya tarehe mbili. Lakini ile Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, na pale Pennsylvania siku hiyo shule hufungwa, viwanda hupooza, na mchungaji wa kanisa mwenyewe yuko msituni na bunduki. Emil aliomba aanze Jumanne. Msimamizi wa wakati ule alikubali bila kuuliza, kwa sababu naye alikuwa anafunga kamba za viatu vya msituni. Emil alimpata kulungu dume mwenye pembe nane.

"Tulimla kwa siku nne yule kulungu," alisema mkewe Verna jioni ile, akiviringisha nyama na wali ndani ya majani ya kabichi. "Sasa naona yeye ndiye anatula."

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne, Verna."

"Nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuambia uende kazini. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Emil alikumbuka. Alikuwa amejibu kwamba kazi ipo siku zote.

Barua ya Tierney ilifika Ijumaa. Alikuwa akidai kiti cha karani wa hati, ofisi ya Stover's Bend, kuanzia wiki ijayo. Danziger na wengine wa ofisi ile wote walikuwa wameanza kabla ya Emil, hivyo akikosa kiti kile yalibaki mambo mawili tu. Kwanza, kazi ya kutembea ng'ambo, kwenye yadi ya Lakeland, kuandika namba za mabehewa kwenye baridi, kazi ambayo kijana aliyekuwa nayo alikuwa ameikimbia akaenda kiwanda cha chuma. Pili, kuhamia Toledo, safari ya siku nzima, na kumwacha Verna na mama yake mgonjwa. Emil alikuwa na goti bovu tangu vitani, na theluji ya yadi ya ng'ambo ilikuwa inakwenda mpaka mwezi wa nne.

Ila kulikuwa na mlango mmoja mdogo. Kwa desturi, anayekuja kwa kikumbo anapewa siku tano za kujifunza kazi. Anayemfundisha ni yuleyule anayetolewa. Siku ya tano mwalimu anatia saini kwamba mgeni ameiweza. Asipoiweza, anarudi alikotoka, na kiti kinabaki kwa mwenyewe.

"Mfundishe kinyumenyume," Danziger alisema. "Mwambie A inakuja baada ya Z. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe unajua mambo mengi sana, ndiyo shida yako."

Tierney alifika Jumatatu, mtu mrefu mwekundu wa shingo, amebeba chakula chake kwenye mfuko wa karatasi kama anayekwenda kwa maadui. Hakuvua kofia mpaka saa nne.

"Kwa hiyo hiki ndicho kile kibanda cha njiwa," alisema akitazama vishubaka.

"Ninyi ng'ambo mnatumia nini?" Emil aliuliza kwa sauti ya chini.

"Waya wa telegrafu, bwana. Behewa linatangulia, karatasi inafuata kwa waya. Hatukai na mzigo tukiusomea barua."

"Na waya usipokuja?"

"Behewa linasubiri. Limewahi kukimbia?"

Emil alimwonyesha safu kwa safu. Alifundisha vizuri, maana hakujua namna nyingine ya kufundisha. Lakini jambo moja alilinyamazia. Safu ya chini kabisa, karibu na sakafu, ilikuwa ya hati zilizofika bila behewa. Watu wa Harwick walikuwa na sheria moja kuu tangu enzi za babu zao. Hati na behewa haviachani, na hati ikija peke yake, unaiweka chini, unangoja behewa lake lije. Tierney hakuuliza kuhusu safu ile, Emil naye hakumwambia. Usiku akajigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango, na Verna akamwambia achague upande mmoja wa kulalia.

Siku ya tatu simu ililia tangu asubuhi. Alikuwa mtu mmoja wa Pittsburgh, mnunuzi wa vitunguu. Mabehewa yake kumi na moja yalikuwa yamepotea siku kumi na mbili. Alikuwa amepiga Philadelphia, nao wakamwambia mashine mpya inaonyesha mzigo wake uko Indianapolis. Indianapolis wakamwambia hawajawahi kuona kitunguu. Sasa alikuwa anapigia kila yadi kwa mpangilio wa alfabeti, na alikuwa amefika herufi S akiwa amepoteza adabu yote.

"Ngoja," Emil alisema. Aliinama, goti likalia, akatoa karatasi kumi na moja kutoka safu ya chini. Hati za vitunguu, zimekaa pale zikingoja mabehewa.

Tierney alizitazama zile namba. Uso wake ulibadilika.

"Haya yako kwetu," alisema. "Nyuma ya ghala la mchanga. Nimeyapita wiki nzima. Yamekaa pale yanangoja karatasi."

"Na karatasi ziko hapa zinangoja mabehewa."

"Mmezikalia!"

"Ninyi ndio mmeyaficha! Behewa lenye mzigo unaliweka nyuma ya ghala la mchanga?"

"Halina hati, niliweke wapi, sebuleni kwa mama?"

Danziger aliinua mikono juu. "Mabwana harusi, mabwana harusi. Vitunguu vinaoza huku mnatukanana."

Walivuka daraja kwa miguu, Emil mbele, Tierney nyuma. Kabla ya kufika ghala la mchanga hawakuhitaji tena kuuliza njia, pua ziliwaongoza. Mabehewa kumi na moja yalikuwa yamesimama pale kwenye jua la mwezi wa tatu, na kwenye nyufa za milango yalikuwa yamechomoza majani ya kijani, marefu kama kidole, kama bustani iliyowekewa magurudumu. Sungura mmoja alikuwa akitafuna chini ya behewa la nne. Hakuwaogopa. Inaelekea alikuwa mkazi.

Tierney alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka akashika behewa. Emil alijizuia, akashindwa, akakaa juu ya reli na goti lake bovu akicheka na machozi, ambayo nusu yake yalikuwa ya vitunguu.

"Miaka tisini," Tierney alisema akijifuta. "Miaka tisini wewe unangoja behewa, mimi nangoja karatasi, na mto umetutenganisha ukatuokoa."

"Na mengine yatakuwapo?"

"Kama haya? Bwana Hrebenak, nchi nzima itakuwa imejaa."

Walirudi, na njiani Emil alimweleza ile safu ya chini, yote, bila kuacha kitu. Tierney alisikiliza, akasimama katikati ya daraja.

"Hukuniambia hiyo."

"Sikukuambia."

"Ningekuwa mimi, nisingekwambia hata zile za juu," Tierney alisema, wakaendelea kutembea.

Siku mbili zilizobaki Tierney alipanga jambo lake. Kila siku saa mbili asubuhi, anayetembea ng'ambo atapiga simu na kusoma namba zote alizoziona kwa macho yake, na anayekaa na vishubaka atazilinganisha na karatasi alizonazo. Jambo rahisi kiasi cha kuona aibu. Lakini katika kampuni ile yote, kutoka baharini hadi kwenye maziwa, hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa amelifikiria, kwa sababu ilibidi mtu wa Harwick ampigie mtu wa Lakeland simu.

Ijumaa msimamizi, Bwana Pruitt, alileta fomu. Pruitt alikuwa Harwick tangu alipozaliwa. Baba yake alizikwa na kofia ya kampuni.

"Andika unavyoona, Emil," alisema, akifunga mlango. "Ukiandika hakuiweza, hakuna atakayekuuliza. Mimi wa kwanza sitakuuliza." Kisha akatazama dari, kama mtu aliyeona buibui.

Nje ya dirisha Tierney alikuwa amesimama, anautazama mto kwa bidii kubwa. Emil alishika kalamu. Alifikiria goti lake. Alifikiria theluji, na Toledo, na mama mkwe. Kisha akafikiria jinsi jana yule mtu alivyotoa hati ya behewa la karatasi za dukani bila kupapasa, na hapo akaona kwamba swali lililoandikwa kwenye fomu halikuuliza habari za goti. Liliuliza kama ameiweza kazi.

Aliandika, *Ameiweza.* Akatia saini, haraka, kama mtu anayeng'oa jino.

Danziger hakumsemesha wiki nzima. Alipomsemesha alisema, "Mwizi kaja, wewe ukamfungulia mlango, ukamshikia na taa." Verna alitoka, akarudi na jozi sita za soksi nene za sufi, akazirusha mezani.

Jumatatu Emil alivuka daraja kwenda kuandika namba. Watu wa Lakeland walimpokea kwa heshima zote. Mmoja alimpigia magoti. Mwingine alimuuliza kama kweli Harwick huwa wanamsomea behewa hadithi kabla halijalala. Emil aliwaachia, kwa sababu majibu yake mazuri yalimjia siku zote baada ya nusu saa. Alitembea kati ya mistari na penseli ikining'inia shingoni kwa uzi, na saa mbili kamili akaingia kwenye kibanda cha simu.

"Haya sema, mtu wa theluji," sauti ya Tierney ilisema.

"Andika, mtu wa kiti."

Ikawa hivyo kwa majira mawili ya baridi. Goti lilimuuma mpaka akajua hali ya hewa ya kesho kabla ya redio. Lakini katika miaka ile miwili, wakati kampuni ilipoteza treni nzima za viazi na magari mapya, na wakubwa wa huku na wakubwa wa kule walipokuwa wakila kwenye meza tofauti katika jengo moja, Stover's Bend haikupoteza behewa hata moja. Hakuna aliyewashukuru. Philadelphia hawakujua kama kuna mji unaoitwa hivyo.

Jumapili moja ya Juni, 1970, watu walikuwa wanatoka kanisani redio ikasema kampuni imefilisika. Kubwa kuliko zote, imeanguka kwa miaka miwili na miezi minne. Danziger alisema hata maziwa ya unga yanadumu zaidi. Jumatatu wote walikwenda kazini, maana treni hazisikilizi redio.

Mahakama ikaleta mameneja wapya, na mameneja wakaleta panga. Mwezi wa kumi na moja tangazo likabandikwa. Kazi ya karani wa hati Stover's Bend imefutwa. Kila kitu kitafanywa na mashine Philadelphia. Kazi ya kutembea na kuandika namba itabaki, kwa kuwa mashine haina miguu.

Kila mtu alijua maana yake. Kiti cha Tierney kimekwenda, na ukongwe wake unamzidi Emil kwa siku moja. Alikuwa na siku kumi za kuandika barua. Na safari hii chini ya Emil hapakuwa na mtu wa kumpiga kikumbo. Ilikuwa ni Toledo, au kutoka.

Siku ya kwanza Tierney hakuandika. Siku ya tatu hakuandika. Kwenye simu ya asubuhi walisoma namba tu, hakuna mtu wa theluji wala mtu wa kiti. Siku ya sita Verna alianza kuleta maboksi matupu kutoka dukani, akisema ni ya kuwekea mitungi ya matango. Siku ya tisa Emil alishindwa kuvumilia. Alimaliza namba, na badala ya kukata simu akasema, "Andika barua yako, Tierney."

Kwenye simu ikasikika karatasi ikigeuzwa.

"Namba ni namba. Usipoitumia wewe, kesho wataitupa ya kila mtu. Sitaki huruma ya mtu wa Lakeland."

"Umemaliza?" Tierney alisema. "Behewa la mwisho ni mbili nane au mbili tisa?"

"Mbili tisa."

Akakata.

Siku ya kumi Tierney alimfuata mwenyewe kwenye yadi, anatembea kwa uangalifu juu ya barafu, ameshika karatasi. Emil alivua glovu moja ili apokee barua kwa heshima. Aliisoma akiwa amesimama kati ya mabehewa mawili ya makaa. Akairudia tena.

Tierney alikuwa ameomba kazi ya mlinzi wa lango pale reli inapokata Mtaa wa Water. Kazi ile ilikuwa imekaa wazi tangu kiangazi, hakuna aliyeitaka, hata Emil hakuwa ameihesabu. Ni kukaa kibandani, treni ikija unatoka na duara jekundu kwenye fimbo, unasimama katikati ya barabara, na watoto wa shule wanakutolea ulimi. Karani aliyeenda pale hakuitwa karani tena.

"Hii nini?" Emil alisema.

"Unajua kusoma, miaka yote unasoma."

"Nilisema sitaki huruma."

"Nani anakuhurumia? Kibanda kile kina jiko la makaa, Hrebenak. Na kiti cha kuegemea. Nina miaka hamsini na mitatu. Unadhani nitaacha jiko nije kutambaa hapa kwenye barafu na penseli shingoni kama mbuzi na kengele? Namba yangu, nimechagua ninachotaka. Ndiyo maana ya namba."

Emil alimtazama usoni. Uso wa Tierney ulikuwa mwekundu kwa baridi na haukusema lolote. Kwa desturi mtu mwenye ukongwe huchagua, na mdogo wake haulizi sababu.

"Mmoja wa watoto wa Mtaa wa Water ni mpwa wangu," Emil alisema hatimaye. "Anarusha mawe."

"Nami nitayarudisha."

Jioni Emil alimsimulia Verna yote, kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mchana. Yule mtu alifanya vile kwa sababu yake, au kwa sababu ya jiko? Verna alikuwa akipanga mitungi ya matango ndani ya yale maboksi, maana sasa ilibidi yatumike kwa kazi aliyoyasingizia.

"Kamuulize," alisema.

Emil hakumuuliza, siku ile wala miaka tisa iliyofuata, ambayo kila asubuhi alipita Mtaa wa Water akienda yadi, na Tierney alitoka kibandani na duara lake jekundu, akamsimamisha katikati ya barabara kwa dakika nzima, hata siku ambazo hakuna treni iliyokuwa inakuja.